Fundi Uzi na Mkanda Uliopungua Vidole Vinne

Kwanza niwaseme, maana msiposemwa hamsikii. Nyinyi wa majengo ya mbele, wa wodi na maabara na ofisi zenye mapazia, mmetupotea kabisa. Kutoka kwenu mpaka karakana ni mwendo wa kumenya chungwa moja, lakini wengine wenu mna miaka miwili hamjakanyaga huku. Mnatuma funguo kwa mkono wa mtu. Mnapiga simu kuuliza gari limeiva au bado, kana kwamba sisi tunapika. Sasa mwenyewe anaondoka, ndiyo mnaulizana kwenye korido, hivi yule fundi mrefu anaitwa nani. Haya, kaeni chini niwaambie.

Anaitwa Fundi Uzi. Ameitumikia karakana ya hospitali yetu miaka thelathini na minne, na anastaafu tarehe thelathini ya mwezi huu, saa kumi jioni, kengele ya kufunga kazi ikilia. Vyeti vyake vina jina alilopewa na baba yake, lakini ukiliuliza hilo getini, mlinzi atakwambia huyo hayupo hapa.

Mimi ni yule bibi wa kufua. Ovaroli za mafundi zimepita mikononi mwangu kila Ijumaa kwa miaka ishirini na tisa, na mtu ukimfulia nguo miaka yote hiyo unamjua kuliko mama mkwe wake. Mkuu wa usafiri alipotafuta wa kumwandikia wasifu, Fundi alijibu kwamba aandike Bibi, au wasiandike kitu. Shule sikwenda. Mimi nasema, karani wa stoo anaandika, na nimemwonya asininyooshee maneno.

Alikuja hapa kijana mwembamba, amevaa viatu vya kaka yake vilivyojazwa karatasi kwenye vidole. Sikuwepo, lakini hadithi ya viatu nimesimuliwa na watu watatu, na wote watatu hucheka mahali pale pale. Wakamweka kwenye matairi. Miaka minne anaziba pancha bila kunung'unika. Kisha wakampeleka kwenye breki, kisha kwenye injini, na huko akatia nanga. Lile gari jeupe la kliniki ya mama na mtoto limetangazwa kufa mara tatu, na mara tatu amelifufua. Linapanda kilima mpaka leo, limejaa watoto na makelele yao.

Mafundi wa sasa ni sita. Wanne amewafunza yeye, na hajawahi kumpigia hata mmoja kelele. Ukisahau boliti, alikuwa anakuletea. Anaiweka kiganjani mwako, anakufunga vidole kimoja kimoja, anaondoka zake. Wanasema ni heri kofi.

Nyumbani nasikia ni vile vile. Mkewe analalamika kwamba chupa ya mafuta akiifunga mumewe, hakuna mwingine wa kuifungua, na binti zake watatu wamekua wakidhani kila nyumba ina spana kwenye droo ya vijiko. Mluzi anapiga, lakini wimbo wenyewe haujulikani. Na chai ya asubuhi usimsemeshe kabla hajaimaliza. Hata daktari mkuu alijifunza hilo.

Jina la Uzi lilitokana na mazoea yake. Vipimo vya mafundi wengine ni tepu ya chuma na macho. Yeye ana uzi mnene wa pamba, ule wa kushonea magunia, niliompa mimi mwenyewe kibunda kizima. Akitaka kujua urefu wa mpira, bomba au mkanda, anaupitisha uzi mahali penyewe, anaukunja kila kona, anafunga fundo. Wenzake walimcheka. Aliwajibu kwamba tepu haijui kona. Na kabla hajafungua chochote kinachozunguka, anachora kwanza mshale wa chaki kuonyesha kinazungukia wapi. Hata feni ya ofisini aliichora mshale kabla ya kuitengeneza, na haukufutika vizuri, nendeni mkaangalie.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kazi hii.

Miaka kumi na moja iliyopita hospitali yetu haikuwa na mashine za kusafisha damu. Wagonjwa wa figo walipelekwa mji wa pili, saa mbili za barabara, kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kwa basi dogo la hospitali. Viti vya wagonjwa vilikuwa kumi na kimoja. Cha saba, cha dirishani, kilikuwa cha binti yangu.

Alikuwa na miaka thelathini na miwili, fundi cherehani, mcheshi, na alikuwa anapanda ngazi akipumzika kila hatua kama mimi nilivyo sasa. Kiti kile hakukipata kwa uzuri wake. Viti vinne vilitengwa kwa ndugu wa watumishi, na yeye alikipata kwa kuwa mama yake anafua nguo karakana. Mtumishi akiachishwa, kiti kinahamia kwa anayefuata kwenye orodha, na orodha ilikuwa ndefu kama foleni ya kliniki. Mimi nilikuwa kibarua, sina mkataba. Kuniachisha hakukuhitaji hata kalamu. Lishikeni hilo, maana ndilo lililofunga midomo yetu miaka yote hii.

Alhamisi moja basi lilirudi likilia kama mbwa aliyekanyagwa mkia, na moshi unatoka kwenye boneti. Fundi aliinama humo, akatoka na uso wa mtu aliyeonja chumvi.

Nitawaeleza kama alivyonieleza. Mbele ya injini kuna magurudumu, wao wanayaita puli. Mkanda mmoja mrefu unayazunguka yote, kama kamba ya kuanikia inavyopita nguzo hadi nguzo. Puli ya injini ndiyo inayovuta. Zinazovutwa ni ya pampu ya maji yanayopoza injini, ya usukani, ya kuchaji betri, na ya pampu ya AC, ile wanayoiita kompresa, inayoleta ubaridi ndani. Basi kompresa ilikuwa imeshikana ndani kwa ndani, haizunguki hata kwa kubembelezwa. Mkanda ulikuwa unajisugua juu yake mpaka ukaungua nusu. Ukikatika njiani, maji hayazunguki, usukani unakuwa mzito kama jiwe la kusagia, betri inakufa. Basi la wagonjwa linageuka kibanda kando ya barabara.

Kompresa mpya ilikuwa ya kuagizwa. Wiki tatu. Mtu wa figo haagiziwi wiki tatu.

Mkuu wa usafiri wa wakati huo tulimwita Bwana Muhuri, maana hata salamu yake ilihitaji kugongwa. Alitaka tusubiri kompresa. Basi lingine halikuwepo. Fundi akamwambia mbele yetu wote, "Mkuu, naitoa kompresa kabisa. Naupitisha mkanda njia nyingine, mfupi zaidi. Gari litatembea."

"Basi la hospitali bila AC?"

"Hawafuati ubaridi, Mkuu. Wanafuata mashine."

"Na wakilalamika joto?"

"Watafungua madirisha. Na watakuwa hai wa kuyafungua."

Mwishowe Bwana Muhuri akasema sawa, Jumamosi alfajiri basi liondoke, na likikwama, jina litakaloandikwa ni la Fundi peke yake. Fundi akasema jina lake si refu, litaenea.

Ijumaa asubuhi alimwita kwanza fundi wa majokofu aje na mtungi wake kuivuta gesi ya AC. Gesi ile ina nguvu na baridi ya kuchoma, ukifungua bomba kichwakichwa inaweza kukuondoa macho. Kisha akachora mishale yake ya chaki, puli baada ya puli. Akautoa mkanda ulioungua. Akachomoa waya wa kompresa, akafungua mabomba yake mawili na kuyaziba midomo vumbi lisiingie, akalegeza boliti nne. Kompresa ikatoka, nzito kama mtoto wa miaka miwili aliyegoma kutembea. Akaiweka kwenye gunia.

Sasa namba za mkanda wa zamani hazikumfaa tena, kwa sababu njia ilikuwa mpya. Akachukua uzi, akaupitisha puli kwa puli bila ile iliyotoka, akafunga fundo, akauingiza mfukoni amtume dereva dukani. Kabla hajamwona dereva, wakamwita kwenye lori la taka. Boliti ya chini ilipofunguka, oili yote ikammwagikia kifuani. Akabadilisha ovaroli, ile chafu akaitupa kwenye beseni langu, akarudi chini ya lori.

Kufua nina utaratibu wangu. Kila mfuko naugeuza. Nimekuta humo njugu, meno bandia, barua za mapenzi ambazo sikuweza kuzisoma lakini nilizijua kwa harufu. Siku ile nikakuta uzi. Ulikuwa mweusi kwa grisi. Mwenye akili angeuweka kando. Mimi nikasema moyoni, maskini Fundi, anashika uchafu mkubwa namna hii, nikautumbukiza kwenye maji yanayochemka, na magadi juu. Fundo sikuligusa, nalijua fundo lake. Nikauanika juani kwenye bati. Ukakauka mweupe pee. Nikaukunja vizuri, nikampelekea, najisifu kama nimefua pazia la harusi.

Miguu yake ndiyo iliyokuwa nje ya lori. "Fundi, uzi wako huu."

"Mpe dereva, Bibi. Aende mbio, duka linafungwa saa nane mpaka Jumatatu."

Nikampa dereva. Dereva akaenda, muuza duka akaupima mkanda kwa uzi, sawa kwa sawa, akauuza, akafunga mlango wake.

Saa tisa mkanda ukafika. Fundi akaupitisha, akafika puli ya mwisho, ukakataa. Ulipungua vidole vinne. Sikilizeni nyinyi wasomi, vidole vinne kwenye mkanda ni sawa na yadi, haunyumbuliki hivyo. Dereva akaapa kwa watoto wake kwamba aliupeleka uzi kama alivyopewa. Fundi akauchukua, akauzungusha tena kwenye puli, na fundo halikufika. Akausugua kati ya vidole. Akaunusa.

Kisha akanitazama, toka upande ule wa uwanja mpaka kwenye beseni langu. Akauingiza mfukoni.

Pamba ikichemshwa hujikunyata. Mimi, mfuaji wa miaka, niliyewafunza wanawali wangapi kutochemsha shati la pamba, niliuchemsha uzi uliobeba roho za watu kumi na mmoja, wa saba akiwa mwanangu. Nikakaa kwenye ndoo.

Alikuwepo fundi msaidizi tuliyemwita Upepo, mikono myepesi, kichwa kinafuata baadaye. Fundi alipokwenda kunawa, Upepo akasema yeye ameona njia. Puli ya pampu ya maji ni laini, haina mifereji, na inashikwa na mgongo wa mkanda. Upepo akaupitisha mkanda kwa ndani, tumbo lake, upande wenye mifereji, ndilo liishike. Njia ikanyooka, urefu ukapatikana, mkanda ukaingia kama soksi. Akawasha. Injini ikanguruma, taa ya betri ikazima, usukani mwepesi. Watu wakapiga makofi. Bwana Muhuri alikuwa ameshafungua kalamu kuandika kibali cha safari. Na mimi, Mungu anisamehe, nililia kwa furaha kuliko wote.

Fundi akarudi anajifuta mikono. Akasema, "Zima."

"Fundi, imekubali," Upepo akamwambia.

"Zima kwanza."

Akachukua spana ndefu, akaizungusha injini kwa mkono, taratibu, na kutuita tuangalie chaki. Puli ya injini ikaufuata mshale wake. Ya usukani, sawa. Ya betri, sawa. Ya pampu ya maji ikarudi kinyumenyume, mshale unaelekea huku, puli inaelekea kule.

"Hii ingewafikisha wapi?" akauliza.

Fundi akajibu mwenyewe, kwa upole. Pampu ikizunguka kinyume, maji hayasukumwi inavyotakiwa. Uwanjani usingejua. Kwenye kile kilima kirefu, joto lingepanda, injini ingechemka, na wagonjwa kumi na mmoja wangekaa juani katikati ya barabara wakiitazama mashine kwa mawazo.

Bwana Muhuri akaifunga kalamu. "Kwa hiyo hakuna safari."

"Sijasema hivyo, Mkuu."

Akageuza kreti la soda, akakaa mbele ya injini kama mtu anayesubiri mgeni. Alikaa muda wa watu kunywa chai na kurudi. Hakuna aliyethubutu kuongea, hata dereva, ambaye huongea usingizini. Mluzi ukaanza. Ndipo akanyoosha kidole kwenye puli moja ndogo juu kulia, ambayo haiendeshi kitu chochote, kazi yake ni kuukunja mkanda tu uifikie kompresa vizuri na usiguse vyuma.

"Wewe," akaiambia, "bosi wako ameondoka. Unafanya nini hapa?"

Akairuka. Mkanda ukatoka puli ya betri moja kwa moja hadi ya usukani, kisha ukaishika pampu ya maji kwa mgongo, kama ilivyozoea. Vidole vinne tulivyopungukiwa vikapatikana pale pale. Kikaza mkanda chenye springi kikavuta kilichobaki, mkanda ukakazika vizuri. Akapitisha kidole gumba kila mahali kuona kama mkanda unasugua chuma, haukusugua. Akaangalia kama umeikumbatia puli ya betri vya kutosha usiteleze, umeikumbatia. Akazungusha kwa spana. Mishale yote ya chaki ikaenda ilikochorwa, yote, hata ule wa pampu ya maji.

Kisha akamwambia dereva azunguke uwanja na basi saa nzima, taa zote zikiwaka. Mshale wa joto kwenye dashibodi ulipanda hadi katikati ukakaa, kama mtu aliyepata kiti chake. Jua lilikuwa bado linagusa bati la stoo kazi ilipokwisha.

Alfajiri ya Jumamosi basi liliondoka na wagonjwa wote kumi na mmoja, madirisha wazi. Fundi mwenyewe alikaa kwenye ngazi ya mlangoni na sanduku la spana mapajani. Nimesimuliwa na binti yangu kwamba kwenye kilima kirefu wote walikuwa wanaitazama shingo ya Fundi, naye anaitazama dashibodi. Walipofika juu, upepo ukaingia dirishani ukaichukua kofia ya mgonjwa mmoja mzee. Mzee akadai kofia yake. Dereva akasimama, injini ikiunguruma, watu wakakimbilia kofia kwenye majani, na mshale wa joto haukusogea hata unywele. Mzee akasema AC haikuwahi kumfurahisha hivi. Saa mbili kasoro robo walikuwa kwenye mashine.

Basi hilo lilitembea na mkanda ule mfupi wiki saba, maana wiki tatu za kuagiza zilizaa nyingine nne. Safari ishirini na moja. Hakuna hata moja iliyokwama.

Huo ndio ushindi mliousikia, wale mliousikia. Haya yanayofuata hamkuyasikia.

Jumatatu yake Bwana Muhuri alitaka kujua kwa nini mkanda ulinunuliwa mfupi. Kila kosa kwake lilihitaji jina. Mimi nilikuwa nimeshamfuata Fundi asubuhi ile, nyuma ya stoo, aproni mkononi.

"Fundi, ni mimi. Niliuchemsha."

"Najua, Bibi. Nilinusa magadi."

"Nakwenda kumwambia."

"Ukimwambia, kesho kiti cha saba anakaa nani?"

Nina mdomo, nyote mnanijua, lakini siku ile nikaifunga tena aproni kiunoni.

"Basi kafue," akasema. "Siku nikistaafu, sema utakavyo. Hata kwa spika."

Akaingia ofisini. Akasema, nilipima vibaya. Maneno mawili tu, na barua ya onyo ikaandikwa, ikagongwa muhuri, ikawekwa kwenye faili lake: mtumishi huyu hana umakini wa vipimo. Yeye, anayepima hata mahali pa kuweka kikombe. Na kuhusu Upepo na ule mkanda uliorudisha pampu nyuma, hakutamka neno. Faili la Upepo likabaki safi.

Mara mbili nafasi ya mkuu wa karakana ilifunguka. Mara mbili faili lilifunguliwa, barua ikasomwa, Fundi akapitwa. Mara ya pili nafasi akapewa Upepo. Nilizipiga pasi ovaroli zao zote mbili siku hiyo, na moja niliiunguza. Sitasema ya nani.

Msidhani alinuna. Kila Ijumaa alinikabidhi nguo akiwa ameshaigeuza mifuko mwenyewe, na kuniambia, "Bibi, leo hakuna cha kuchemsha." Miaka kumi na moja, utani mmoja. Nilimwambia mara nyingi autafutie mwenzake.

Binti yangu, mwaka wa tatu baada ya hapo, alipewa figo na mdogo wake. Leo ndiye anayeshona sare zenu wauguzi, kwa hiyo mkikaa mkaona kiuno kinabana, si mkono wake, ni nyinyi. Ananigombeza mimi kuhusu chumvi. Sasa kiti cha saba hakinihusu tena, na mashine zimefika hapa hapa kwetu. Kilichobaki kilikuwa ile karatasi. Nililala nikiifikiria: mtu huyu ataondoka, vyeti vyake vitafungwa kwenye bahasha, na humo ndani kutakuwa na uongo wenye muhuri, uliobebwa kwa ajili ya mtoto wangu. Wajukuu zake wakifungua siku moja, watasoma kwamba babu yao hakujua kupima.

Kwa hiyo Jumatatu iliyopita nilikwenda ofisi ya mkuu wa usafiri wa sasa, yule mama asiye na maneno mengi. Nilikaa kabla hajanikaribisha, magoti yangu hayasubiri itifaki. Nikamweleza yote, tangu beseni mpaka muhuri. Alisikiliza, akaagiza faili, akamwita Fundi, na Upepo naye akaja, maana ndiye mkuu wake wa karakana.

Fundi akaingia, akaniona, akaliona faili.

"Bibi, zimebaki siku kumi."

"Nina miaka sabini na mitatu," nikamwambia. "Siku kumi unanikopesha wewe? Nikifa kesho niende na uongo wako mdomoni?"

"Tulikubaliana."

"Tulikubaliana ukistaafu. Barua zako za kustaafu si zimeshaandikwa? Basi umeshastaafu, unamalizia tu kuaga."

Mama yule akamuuliza Fundi kama ni kweli. Fundi akasema, "Uzi ulikuwa sawa ulipotoka mikononi mwangu." Hicho ndicho kiasi tulichoweza kumtoa, lakini kilitosha.

Hapo Upepo akavua kofia. Sikumtegemea, nakiri. Akasimulia mwenyewe habari ya pampu iliyorudi nyuma, kwamba kama si mishale ya chaki angewaua watu, na kwamba kiti anachokalia amekikalia miaka mitano kama kina msumari. Akaomba na hilo liandikwe. Fundi akamshika bega, akamwambia achunge maneno yasije yakamwagikia shati jeupe. Kisha wote wawili wakaanza kupangusa pua kwa matambara yenye grisi, ambayo nitayafua mimi.

Mama akaandika pale pale, kwa mkono wake. Barua ya onyo imefutwa. Na kuanzia siku hiyo sheria ya karakana ni moja: hakuna mkanda unaotolewa kabla ya mishale ya chaki kuchorwa, na njia ya mkanda wa basi lile, Fundi aliyoibuni, imechorwa kwa rangi ukutani ili kila fundi ajaye aione siku yake ya kwanza. Upepo ndiye aliyeshika brashi. Fundi alimsimamia nyuma, na aliirudisha mishale miwili ichorwe upya.

Fundi wetu, tunakushukuru kwa magari uliyoyafufua, kwa watu uliowafikisha, na kwa wale wanne uliowalea bila kofi. Nenda ukapumzike, ukale ukashibe, mkeo akufungulie chupa zote ulizozikaza. Miaka iliyobaki iwe mirefu na mepesi, barabara iteremke mbele yako. Mimi mwenyewe sina shukrani ya kukutosha, na ukijifanya hujui ninachosema nitakuja kukusema mlangoni kwako.

Sasa wewe unayesoma. Karatasi ile aliyoandika mama wa usafiri imetolewa nakala, imebandikwa juu ya beseni langu ndani ya nailoni isiloe. Nimesomewa mara tatu, na kila anayenisomea ana haraka ya kwenda chai, ananikatia katikati. Kwa hiyo siku utakayokuja huku, usije kuuliza gari. Simama mbele ya beseni, futa miwani yako, unisomee yote, tangu tarehe mpaka sahihi, polepole, kwa sauti ya kusikika mpaka chini ya magari. Ukiruka neno nitajua.